Kuisoma Historia ya China kwa Miguu: Anzia Quanzhou

Wengi wanaopanga safari yao ya kwanza ya China huanza na Beijing na Ukuta Mkuu, kisha Shanghai kupiga picha za maghorofa. Ni safari nzuri. Lakini kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, na kwa yeyote anayetaka kuifahamu China iliyoishi kwa bahari, nashauri kwa moyo wote aanzie Quanzhou, mji wa mkoa wa Fujian, kusini mashariki. Waarabu na Waajemi waliuita Zaitun. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, alifika hapa karibu mwaka 1345, akaandika kwamba aliona bandarini majahazi makubwa yapatayo mia moja, na madogo hayahesabiki. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo 22 ya mji huu na viunga vyake katika orodha ya urithi wa dunia.

Uzuri wa Quanzhou ni kwamba historia yake imeandikwa juu ya mawe, na mengi ya mawe hayo unayafikia kwa miguu. Tembea ukiwa na swali moja tu: nani alifika hapa, aliletwa na upepo gani, na aliacha nini? Mwenye swali huona zaidi ya mwenye orodha ndefu ya vivutio.

Hatua ya 1: Anza kabla hujapanda ndege

Kama uko pwani, nenda kwanza ukaangalie vyombo vya kauri vya China vilivyoko kwetu. Fort Jesus ya Mombasa ina makumbusho yenye vyombo hivyo. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na ya Mambrui yalipambwa kwa sahani na bakuli za China zilizopachikwa kwenye chokaa. Kajengwa, kusini mwa Unguja, zilifukuliwa sarafu za enzi ya Song mwaka 1945, na mwaka 2013 sarafu ya mfalme Yongle wa enzi ya Ming ilipatikana kisiwani Manda. Haina maana kwamba mabaharia wa Quanzhou walitia nanga Unguja. Bidhaa nyingi zilipita mikono ya wafanyabiashara wa India, Uajemi na Uarabuni. Ila ukishaiona bakuli ukutani Mambrui, utaziangalia tanuri na bandari za Fujian kwa jicho lingine.

Kisha kariri tarehe nne za koo za wafalme zilizotawala China, kwa sababu kila kibao utakachokutana nacho kitazitaja: Song (960–1279), Yuan (1271–1368), Ming (1368–1644) na Qing (1644–1912). Ofisi ya ushuru na biashara ya bahari ilifunguliwa Quanzhou mwaka 1087, chini ya Song. Mji ulinawiri hadi Yuan, chini ya Wamongolia. Ukaumizwa na vita vya kati ya 1357 na 1366, kisha Ming wakapiga marufuku raia kufanya biashara ya bahari. Hicho ndicho kiini cha yote utakayoyaona.

Hatua ya 2: Karatasi, simu na pesa

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani waombe viza mapema. Orodha ya nyaraka hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa China katika nchi unayoishi, usitegemee alichoambiwa rafiki mwaka juzi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti.

Pesa taslimu zinapokelewa, lakini muuza matunda, dereva wa teksi na hata kibanda cha maji ya moto wanatarajia ulipe kwa simu. Weka Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, na ukamilishe uhakiki wa pasipoti. Usiliache hilo mpaka ufike, maana ujumbe wa benki wenye namba ya siri huenda usikufikie ukiwa nje. Beba pia noti za yuan za kukutosha siku mbili.

Huduma za Google, WhatsApp na Facebook zimefungwa kwenye intaneti ya China. Ramani inayofaa ni ya Gaode. Pakua pia programu ya kutafsiri inayosoma maandishi kwa kamera, na upakue Kichina chake kitumike bila mtandao. Majina ya sehemu zote unazokwenda yahifadhi kwenye simu kwa herufi za Kichina. Dereva hatasoma "Qingjing" iliyoandikwa kwa herufi zetu.

Sheria inataka kila mgeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika anapolala. Hoteli hukufanyia hilo. Ukilala kwa jamaa au rafiki, mwende wote wawili kituo cha polisi cha mtaa. Hoteli ndogo nyingine hazijazoea kusajili wageni, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Wakati wa kwenda na mahali pa kulala

Oktoba katikati hadi Desemba ndiyo miezi ninayoipenda: jua jepesi, mvua kidogo. Machi na Aprili pia ni sawa. Julai hadi Septemba kuna joto zito na vimbunga. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu ya Mei Mosi na Mwaka Mpya wa Kichina, kwani nusu ya nchi iko njiani. Ila ukiweza kupata chumba, sikukuu ya taa, siku ya kumi na tano ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao, Quanzhou huiadhimisha kwa fahari kubwa.

Kutoka Xiamen treni ya kasi huchukua karibu nusu saa. Kutoka Shenzhen, takriban saa nne. Tiketi hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na kituoni unapita kwenye lango lenye mhudumu. Lala mji wa kale, kati ya Xi Jie, yaani Mtaa wa Magharibi, na barabara ya Tumen. Hapo asubuhi unatoka mlangoni na safari imeshaanza.

Hatua ya 4: Makumbusho ya bahari kwanza

Nimewaona wageni wakikimbilia hekaluni, wakatoka wamejaa picha na mikono mitupu. Anza na Makumbusho ya Historia ya Bahari ya Quanzhou, upande wa mashariki wa mji wa kale. Kama makumbusho mengi ya China, Jumatatu hufungwa. Beba pasipoti.

Nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa mawe ya dini. Hapa yamekusanywa mawe ya makaburi na vipande vya majengo ya Waislamu, Wakristo, Wahindu na wafuasi wa Mani, mwanzilishi wa dini ya kale ya Uajemi. Sehemu kubwa ya mawe haya ilikuwa imezikwa ndani ya ukuta wa mji. Baada ya zama za Yuan, wajenzi waliyachukua kutoka makaburini wakayatumia kama matofali. Ukuta ulipobomolewa katika karne ya 20 yakaanza kuonekana, na mwalimu wa shule aitwaye Wu Wenliang akayakusanya moja baada ya jingine, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1957. Bila yeye mengi yangeishia kwenye misingi ya nyumba.

Sasa hapa msomaji wa Kiswahili aliyepita chuoni utotoni ana faida ambayo watalii wengi hawana. Simama mbele ya jiwe na usome. Utakutana na "Kullu nafsin dhaiqatul maut", kila nafsi itaonja mauti. Utakutana pia na maneno yanayohusishwa na Mtume, kwamba anayefia ugenini amekufa shahidi. Yamechongwa kwenye makaburi ya watu waliotoka miji ya Uajemi, Uarabuni na Asia ya Kati, wakafia Zaitun wakisubiri msimu wa kurudi, au wasiotaka tena kurudi. Angalia jina, kisha mji wa asili, kisha mwaka wa Hijria. Dakika kumi kwa jiwe moja si nyingi.

Kando yake tazama mawe ya Wakristo: msalaba umeketi juu ya ua la yungiyungi, ua la Wabudha, na pembeni malaika wenye mbawa wamevaa mavazi ya Kichina. Fundi aliyechonga inaonekana alitumia nakshi alizozijua kwa kila mteja. Jambo hilo utaliona tena na tena mjini.

Hatua ya 5: Barabara ya Tumen, polepole

Tenga asubuhi nzima kwa barabara hii, ingawa sehemu unayoihitaji ni fupi.

Msikiti wa Qingjing ulijengwa mwaka 1009, sawa na 400 Hijria. Lango lake ni refu, la mawe, lenye matao yanayoingiana moja nyuma ya jingine. Kiingilio ni yuan chache. Ukishapita, geuka nyuma uangalie ukuta wa ndani: kuna maandishi ya Kiarabu yanayoeleza mwaka wa kujengwa, na kwamba ulikarabatiwa mwaka 710 Hijria, yaani 1310, na Ahmad bin Muhammad, haji wa Shiraz. Mtu wa Kilwa, Pemba au Tumbatu, aliyekua akisikia habari za Washirazi, atalisoma jina hilo la mji mara mbili.

Ukumbi wa kale wa swala hauna paa tena. Umebaki mraba wa mawe wenye majani, vitako vya nguzo zilizotoweka, na upande wa magharibi kibla chenye aya zilizochongwa. Kutoka Fujian Makka iko magharibi, jambo ambalo mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuelekea kaskazini, huhisi mwilini anaposimama pale. Tafuta pia jiwe lenye amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407 inayokataza watu kuwasumbua Waislamu. Msikiti una waumini hadi leo, hivyo vaa mavazi ya heshima, na wakati wa swala usiwaelekezee watu kamera.

Hatua chache kutoka hapo, barabara ileile, liko hekalu la Guandi. Guan Yu alikuwa jemadari wa enzi za mwisho za Han, aliyefariki karibu mwaka 220, na watu wakamfanya mlinzi wa uaminifu na wa biashara. Ingia ukae pembeni. Watu wanachoma ubani, kisha wanarusha sakafuni vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, jibu ni ndiyo. Utamwona mwanamke wa makamo akirusha, akitikisa kichwa, akiinama kuviokota na kurusha tena. Usicheke wala usimpige picha usoni. Yuko kwenye shauri zito la nyumba yake.

Endelea magharibi hadi hekalu la Confucius, kisha ushuke kusini kwa barabara ya Zhongshan yenye maduka yenye varanda hadi hekalu la Tianhou, lililoanzishwa mwaka 1196 kwa ajili ya Mazu. Alikuwa msichana wa kisiwa cha Meizhou katika karne ya 10, na baada ya kufa akawa mlinzi wa mabaharia. Mbele yake ni magofu ya lango la Deji, la kusini mwa mji. Bidhaa za bandari zilipita hapa.

Hatua ya 6: Kaiyuan, na meli iliyozama

Hekalu la Kaiyuan lilianzishwa mwaka 686. Fika mapema, kabla Xi Jie haijajaa. Minara yake miwili ya mawe, yenye orofa tano, ilikamilika mmoja mwaka 1237 na mwingine 1250, na yote ilisalimika katika tetemeko kubwa la mwaka 1604. Kila mnara una sanamu 80 zilizochongwa ukutani, na darubini ndogo itakufaa sana. Kwenye mnara wa magharibi, orofa ya nne, mtafute askari mwenye kichwa cha nyani aliyeshika upanga.

Wageni wengi hutoka baada ya hapo. Wewe zunguka nyuma ya ukumbi mkuu. Kuna nguzo mbili za mawe zenye picha za miungu ya Kihindu, zilizotoka kwenye hekalu la wafanyabiashara wa kusini mwa India. Maandishi ya Kitamil yaliyopatikana mjini yana tarehe ya 1281. Hekalu lao lilipoanguka, nguzo zikahamia kwa Wabudha, na zimesimama hapo hadi leo zikibeba paa la wengine.

Ndani ya eneo hilohilo kuna jumba la meli iliyofukuliwa kwenye tope la ghuba ya Quanzhou mwaka 1974. Ni meli ya mwisho wa enzi ya Song. Mabaki yake yana urefu wa mita 24 na upana wa mita 9, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa mbao, ili maji yakiingia kimoja visizame vyote. Ilikuwa imebeba mbao za manukato, pilipili manga, ubani, ambari, magamba ya ng'amba na makombe madogo ya kauri. Kwenye maungio ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, mafundi walikuwa wametoboa vitundu wakaweka sarafu saba na kioo cha shaba. Huelezwa kuwa ni nyota saba na mwezi, kinga ya safari. Anayewajua mafundi wa majahazi wa Lamu, na mambo yanayofanyika kabla chombo hakijashushwa majini, hatapita hapo haraka.

Hatua ya 7: Kula na kunywa chai

Nguruwe yuko kwenye vyakula vingi vya Fujian, hata kwenye supu isiyoonekana kuwa na nyama. Kwa Mwislamu, hifadhi neno qingzhen (清真) na utafute maduka yenye alama hiyo. Maduka ya tambi za Lanzhou yapo karibu kila mji. Wengine waonje kimanda cha chaza na mianxianhu, uji mzito wa tambi nyembamba unaoliwa asubuhi.

Chai usiikose. Wilaya ya Anxi, iliyo chini ya Quanzhou, ndiyo nyumba ya Tieguanyin, na hunywewa kwa vikombe vidogo kama vya kahawa ya barazani. Mwenye duka akikukaribisha kiti, kaa. Atamimina, mtaonja, atamimina tena. Hulazimiki kununua, ingawa kununua robo kilo ni adabu nzuri. Jioni uliza wapi wanapiga nanyin, muziki wa kale wa huku, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009.

Hatua ya 8: Toka nje ya mji

Kaburini Lingshan, mashariki, si mbali na makumbusho, wanasimulia kuwa wamelala wacha Mungu wawili Waislamu waliofika mwanzoni mwa karne ya 7. Karibu na makaburi kuna jiwe fupi la maandishi ya Kichina. Linaeleza kwamba Zheng He, jemadari wa merikebu za Ming, akitumwa Hormuz na nchi nyingine, alichoma ubani hapa mwaka 1417 akiomba ulinzi. Zheng He alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan. Hiyo ilikuwa safari yake ya tano, na wanahistoria wanaihesabu kuwa ndiyo iliyofika Mogadishu, Barawa na Malindi, miaka michache baada ya ujumbe wa Malindi kupeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415. Kwa maoni yangu, kama una saa moja tu Quanzhou, ije hapa.

Daraja la Luoyang lilijengwa kati ya 1053 na 1059, chini ya gavana Cai Xiang. Angalia ratiba ya maji na ufike maji yakiwa yamekupwa. Wajenzi walimwaga mawe mtoni kuwa msingi, kisha wakafuga chaza juu yake ili magamba yayagandishe. Shuka kando, uangalie nguzo kwa karibu: chaza bado wameng'ang'ania, ngazi kwa ngazi, hadi mstari wa maji kujaa. Vaa viatu visivyoteleza.

Mlima Jiuri, magharibi, hauna watu wengi, na ndio unaoeleza bandari nzima. Maofisa wa biashara walipanda hapa mara mbili kwa mwaka kuomba upepo, na kuchonga tarehe na majina yao miambani, kati ya 1174 na 1266. Majira ya baridi waliomba upepo wa kaskazini mashariki uzipeleke meli kusini. Kiangazi waliomba wa kusini magharibi uzirudishe. Ni mfumo uleule wa pepo za msimu ambao sisi tunauita kaskazi na kusi. Chukua teksi ya programu kwenda, na muombe dereva akusubiri, kwa sababu kupata gari la kurudi kule si rahisi.

Ukibaki na nusu siku, kijiji cha Xunpu kina kuta za magamba makubwa ya chaza, ambayo wenyeji husema yalirudi na meli kama uzito wa kutuliza chombo. Nenda asubuhi, mchana mitaa hujaa wanaokodi mashada ya maua ya kichwani kwa ajili ya picha.

Hatua ya 9: Mji unaofuata

Kutoka hapa, mfuate Zheng He hadi Nanjing kwa treni. Huko kuna eneo la karakana alikoundiwa merikebu, lililogeuzwa bustani, na kaburi lake la kumbukumbu kwenye kilima cha Niushou. Kama kilichokuvuta zaidi ni kauri, nenda Dehua kwanza. Ni wilaya ya milimani chini ya Quanzhou hiihii, na magofu ya tanuri zake yamo katika yale maeneo 22. Lala huko usiku mmoja, maana karakana bora hufungua asubuhi, mafundi wakiwa bado hawajachoka kuzungumza.